Pugu Hakuna Kitu?

Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni



Juzi nilikuwa nimekaa chini ya mti pale Mnazi Mmoja nikisubiri jua lipungue makali kabla ya kuvuka barabara kuingia Kariakoo. Kando yangu alikuwapo kijana mwenye mashine ya kukamua miwa. Biashara ilikuwa imelala, kwa hiyo tukazungumza. Nikamwambia kwamba Jumapili iliyopita nilikuwa Pugu, msituni. Akacheka. "Mzee," akasema, "Pugu mimi nimefika. Sikukuu ya Nane Nane tulikwenda na wenzangu, tukapanda gari la Gongo la Mboto, tukaunganisha na jingine. Hakuna kitu kule. Majani makavu tu."

Nilitaka kumjibu palepale, nikajizuia, kwa sababu mara yangu ya kwanza mimi nilisema maneno hayo hayo. Nilikwenda Februari, jua la kiangazi likiwa utosini. Nilirudi na vumbi kwenye viatu na miba kwenye suruali, nikamwambia mama watoto kwamba lile ni pori tu. Miaka ikapita kabla sijarudi tena, na safari hiyo ya pili ilikuwa Desemba, mvua za vuli zimekwisha kushika. Nilidhani nimekosea njia. Ulikuwa msitu mwingine kabisa.

Basi leo nataka tuzungumzie jambo hilo: kwamba msitu ule ulioko kilomita kama 20 na ushei kutoka hapa Mnazi Mmoja una miezi yake ya kusema na miezi yake ya kunyamaza, na kwamba sisi watu wa mjini, tuendao mara moja kwa mwaka siku ya sikukuu, aghalabu tunafika wakati umenyamaza. Kisha tunarudi na hukumu. Na hukumu hiyo, kama nitakavyoeleza, imeugharimu msitu miti mingi.

Kwanza tuelewane juu ya mahali penyewe. Vilima vya Pugu viko upande wa Kisarawe, na msitu wake pamoja na ule wa jirani wa Kazimzumbwi leo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Si hifadhi kubwa. Ukimpeleka mtu aliyezoea habari za Serengeti au Ruaha atakuuliza tembo wako wapi. Lakini ni kipande cha misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, ile iliyotawanyika vipande vipande kutoka kusini mwa Somalia, ikapita kwetu, hadi Msumbiji. Baadhi ya viumbe vya vipande hivyo havionekani mahali pengine popote duniani. Wataalamu wa mimea wameipa miti jina la Pugu katika lugha yao ya kisayansi: upo Baphia puguensis, na upo Millettia puguensis. Kariakoo, pamoja na umaarufu wake wote, sijasikia mti uliopewa jina lake.

Sasa majira. Ukitaka kuyaelewa huna haja ya kwenda Pugu, simama tu hapa Mnazi Mmoja. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la saa sita na dakika kadhaa mchana hupita juu ya vichwa vyetu moja kwa moja, na kivuli chako hujikunja chini ya nyayo zako. Ukanda wa mvua hulifuata jua hilo, lakini kwa kuchelewa kidogo, kama mtoto anayemfuata mama yake sokoni. Jua likipita kuelekea kusini, nyuma yake tunapata vuli, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Desemba. Likirudi kuelekea kaskazini tunapata masika, Machi hadi Mei, na Aprili ndio mwezi unaotushinda wote kwa maji. Katikati ya mvua hizo mbili pana ukavu wa namna mbili: kiangazi cha joto Januari na Februari, upepo wa kaskazi ukivuma, na kipupwe cha ubaridi katikati ya mwaka, wakati wa kusi. Wavuvi wa Feri wanayajua haya kuliko mimi. Tofauti ni kwamba msitu huyafuata kwa ukali zaidi, maana hauna bomba wala kisima.

Nianze na vuli, kwa kuwa ndiyo niipendayo.

Kabla ya mvua ya kwanza utamsikia dudumizi, ambaye wengine humwita tipitipi. Sauti yake ni kama maji yamiminikayo kutoka kwenye chupa ya shingo nyembamba. Wazee wa pwani husema huyu huita mvua. Siwezi kuapa kwamba anaiita, lakini sauti yake huzidi mvua inapokaribia, na mkulima aliyemsikiliza hakupata hasara. Mvua ikishanyesha mara moja au mbili, ardhi iliyokuwa ngumu kama sakafu hutoa ua ambalo jana halikuwapo: shina moja bila jani, na juu yake duara jekundu kama mpira uliosukwa kwa nyuzi. Ua hilo lilikuwa chini ya ardhi muda wote, ndani ya kitunguu chake, likisubiri. Yule kijana wa miwa, kama alikanyaga njia ile siku ya Nane Nane, alikanyaga juu yake.

Kisha kumbikumbi. Hawa unawajua hata kama hujawahi kutoka nje ya Ilala, maana jioni ya mvua ya kwanza huzijaza taa za barabarani, na asubuhi utakuta mabawa yametapakaa mlangoni kama maganda ya vitunguu. Wao ni mchwa wa kike na wa kiume waliotengenezewa mabawa kwa safari moja tu. Hungoja mvua kwa sababu udongo ukilowa unachimbika, na hewa ikiwa na unyevu haiwakaushi. Wakitua hukata mabawa yao wenyewe, wakajichimbia wawili wawili kuanza ufalme mpya. Wengi hawafiki, kwani siku hiyo msitu mzima ni karamu: vyura, mijusi, kima, ndege wa kila namna.

Na katika karamu hiyo wamo wageni waliotoka mbali. Mbayuwayu wa Ulaya wamo, hao hufika kuanzia Septemba na Oktoba, wakaondoka ifikapo Aprili. Lakini mgeni anayenishangaza mimi ni kozi mmoja mdogo, si mkubwa kuliko njiwa, ambaye huzaliana mashariki ya Siberia na kaskazini mwa China. Mwezi wa Novemba makundi yake hukusanyika India, yakala yakashiba, kisha yakavuka Bahari ya Hindi kuja Afrika bila kutua, kwa kuwa katikati ya bahari hakuna pa kutua. Hupita juu ya nchi yetu yakielekea kusini, mvua zikiwa zimewaamsha kumbikumbi. Upepo unaowasukuma ni kaskazi, ule ule uliojaza matanga ya majahazi kutoka Bara Hindi na Arabuni kwa karne nyingi. Wafanyabiashara na kozi walitumia ratiba moja.

Chini, njiani, utawakuta majongoo, wengine urefu wa shubiri ya mtu mzima, wakitembea bila haraka. Na konokono wakubwa, ambao kiangazi chote hujifungia ndani, wakaziba mlango wa nyumba yao kwa utando uliokauka kama karatasi, huuvunja mlango huo na kutoka kutafuta chakula. Nilimpeleka mpwa wangu mmoja Desemba, mtoto wa shule, amezaliwa Gerezani na kukulia Gerezani. Tulipofika kwenye jongoo wa kwanza alipiga kelele. Tulipofika kwenye wa kumi alikuwa anawahesabu. Alipofika themanini na kitu nikamwambia twende, gari la mwisho litatuacha.

Masika ni jambo jingine. Njia huteleza, mbu ni wengi, na simshauri mtu mwenye viatu vya ofisini. Lakini masika ndiyo miezi ya vyura, na ukikaa na ukimya kidogo utaona kazi yao. Wapo wale watagao mayai katika povu. Hukutana juu ya tawi lililoinamia dimbwi, wakaupiga ute kwa miguu hata ukawa povu jeupe kama la sabuni, wakataga ndani yake. Nje povu hukauka kidogo, ndani hubaki maji maji. Siku chache baadaye viluwiluwi huanguka kimoja kimoja dimbwini. Na wapo vyura wengine wadogo kama kucha ya kidole gumba, waishio katika majani yaliyooza, ambao hawana haja ya dimbwi kabisa: mayai yao huwekwa kwenye udongo wenye unyevu, na kinachotoka humo si kiluwiluwi bali ni chura kamili. Chura wa namna hiyo akiondolewa majani yake ameondolewa hospitali, nyumba na soko.

Hapo kwenye majani na maji ndipo Pugu inapokutana na Kariakoo. Mto Msimbazi unaanzia katika vilima hivyo vya Pugu na Kisarawe. Mvua inayoanguka juu ya msitu hupigwa kwanza na majani ya juu, ikadondoka juu ya zulia la majani ya chini, ikanywewa na udongo, ndipo inatoka polepole. Ikianguka juu ya kilima kilichokatwa, inatelemka kama maji ya beseni lililomwagwa. Mwisho wa safari ni Jangwani, hatua chache kutoka sokoni. Mnakumbuka tarehe 20 Desemba 2011, mvua kubwa iliyosemwa haijapata kuonekana jijini tangu mwaka 1954, watu takriban 40 wakapoteza maisha, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Sisemi kwamba msitu peke yake ungeyazuia maji yale. Tumejenga mabondeni, tumeziba mitaro kwa taka, tumemwaga zege kila mahali, na kila moja ina sehemu yake ya lawama. Ninachosema ni kwamba kilichotokea juu mtoni huja kutusalimu chini, na hakibishi hodi.

Sasa turudi kwa kijana wetu na Nane Nane yake. Agosti ni kipupwe kinaelekea mwisho. Mvua zimeondoka, upepo wa kusi unavuma, miti mingi imeanza kupunguza majani ili isipoteze maji. Ni kweli, kijana aliona majani makavu. Lakini hebu tuyatazame majani hayo.

Ndani yake anaishi sange. Ni mnyama wa ukubwa wa paka mchanga aliyekua kidogo, miguu myembamba, pua ndefu inayopinda huku na huku kama mkonga. Wa Pugu ana mabega na kichwa chekundu cha kahawia, na nyuma ni mweusi kama aliyekalia masizi. Kutwa nzima kazi yake ni kupekua majani makavu kwa pua ile akitafuta mchwa, buibui na majongoo. Usiku hulala ndani ya kiota alichokijenga kwa majani yale yale chini, ukakiona ukadhani ni chungu ya takataka iliyofagiliwa na upepo. Mlio mkavu ulioupita haraka vichakani, ukasema ni mjusi, huenda alikuwa yeye. Wanyama wa kundi lake ni wa Afrika peke yake, na wataalamu wa dunia siku hizi huwaita "sengi", jina walilolichukua kutoka lugha zetu za Kibantu.

Na katika miezi hiyo hiyo ya kusi, misitu ya pwani yenye kivuli hupokea mgeni mwingine, ndege aitwaye pita. Mgongo wake kijani, tumbo jekundu, mbawani ana madoa ya buluu yanayong'aa, mkia mfupi kana kwamba umesahauliwa. Huzaliana huko kusini wakati wa mvua, na huko ndiko anakoimba. Akija kwetu hanyanyui sauti kabisa. Anarukaruka chini akigeuza majani makavu, na ukimsogelea anasimama kimya, nawe unampita. Husafiri usiku, na mara nyingine taa za majengo humpoteza, akagonga kioo akafa. Ndege mwenye rangi kama kanga mpya, na watu wanaoishi miaka yote kando yake hawamjui, kwa kuwa anakuja wakati tunaosema hakuna kitu.

Kiangazi cha Januari na Februari sitakipamba. Ni joto, ni vumbi, ndege wengi hunyamaza ifikapo saa nne asubuhi. Anayetaka kwenda miezi hiyo na aende jioni, ajikalie. Jua likizama popo hutoka katika mapango yaliyochimbwa zamani kwa ajili ya kaolini, ule udongo mweupe, wakamiminika kama moshi. Giza likikolea huanza komba. Mmoja wao, aliyepewa jina la Rondo kwa sababu ya uwanda wa Rondo kule Lindi, ana uzito kama wa yai la kuku na mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Duniani kote anajulikana katika misitu michache tu ya pwani ya Tanzania, na Pugu ni mmojawapo. Huyu haishi Ulaya wala Marekani. Anaishi mwisho wa njia ya Gongo la Mboto.

Ndugu msikilizaji, nilisema kwamba hukumu ya "hakuna kitu" imeugharimu msitu. Nieleze.

Mkaa nao una majira. Masika, magunia hulowa, njia hazipitiki, tanuru hazishiki vizuri, na kila mama anayenunua kwa kopo pale mtaani kwake anajua bei inavyopanda. Ukavu ukiingia, kazi huanza upya. Yaani shoka huingia msituni katika miezi ile ile ambayo msitu unaonekana umekufa, na mti uliopukutisha majani ili uishi huonekana kama kuni iliyosimama. Utafiti mmoja wa misitu inayolizunguka jiji hili, uliochapishwa mwaka 2010, ulilinganisha hali ya mwaka 1991 na ya 2005, ukaonyesha kwamba uharibifu hutoka Dar es Salaam kama wimbi: mbele kabisa hutangulia wanaotafuta mbao za thamani, nyuma yao wa mbao hafifu, na mwisho wa mkaa, ambao hawachagui. Pugu na Kazimzumbwi, kwa kuwa zilikuwa mlangoni, wimbi lile la mwisho lilizifikia mapema. Sehemu kubwa za Kazimzumbwi zilibaki vichaka.

Mimi simlaumu mchoma mkaa peke yake. Mkaa ule haukulika Kisarawe. Ulipikia maharage ya Kariakoo, ukachomea mishikaki ya Mnazi Mmoja, na nyumbani kwangu pia jiko lilikuwa la mkaa kwa miaka mingi. Serikali sasa ina mkakati unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni vyema. Lakini mtungi wa gesi unajazwa kwa fedha ya mkupuo, na mkaa unanunuliwa kwa kopo, na hapo ndipo akina mama wengi wa mitaa yetu wanapokwama. Anayepanga mikakati asiipite hesabu hiyo haraka.

Kwa upande mwingine, msitu uliolindwa hurudi. Nimeona sehemu ambazo miaka iliyopita zilikuwa visiki na nyasi, leo machipukizi yamempita mtu kimo, na mibungo inapanda juu yake. Mabungo hayo ndiyo yale yale tunayokunywa juisi yake mjini, na mpira wa mibungo ya porini ulikuwa bidhaa kubwa ya pwani hii karne ya kumi na tisa. Vilima hivi vimeona mengi. Mwalimu Nyerere alifundisha shule ya Pugu kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955, na mwisho wa juma alikuwa akishuka huku Kariakoo kwa shughuli za TANU. Leo treni ya umeme, iliyoanza safari za Morogoro Juni 2024, ina kituo chake Pugu. Aliyetembea kwa miguu angeshangaa.

Nilimaliza glasi yangu ya miwa, na kijana alikuwa amenisikiliza muda wote bila kukata neno, isipokuwa alipohudumia wateja wawili. Akaniuliza, "Kwa hiyo, Mzee, nilipaswa kwenda lini?" Nikamwambia Desemba, wiki ya pili au ya tatu, kama vuli haitachelewa. Aende asubuhi na mapema, aache redio nyumbani, avae viatu vya kufunga, alipe kiingilio chake getini na achukue mwongozaji. Akafikiri. Desemba, akasema, ndiyo miwa inauzika, watu wamejaa Kariakoo kununua nguo za sikukuu, akifunga mashine siku moja ni hasara. Nikamwambia basi aende Jumapili. Akasema Jumapili huenda ikawezekana, ila wale wenzake wa Nane Nane hawatakubali kurudi, itabidi aende na mdogo wake wa darasa la nne, ambaye anaogopa majongoo.

Nikamwambia huyo ndiye wa kwenda naye.